Kampala kwa Macho ya Fundi

Kwa mtu wa Kibeta, mtaa wetu hapa Bukoba, Kampala ni jirani na Dar es Salaam ni safari. Kutoka Bukoba mjini kupitia Kyaka, Mutukula na Masaka hazifiki kilometa 350. Kwenda Dar ni kukatiza nchi nzima, zaidi ya kilometa 1,300. Ndiyo maana kwetu ni jambo la kawaida kumkuta mzee mwenye shemeji Masaka ambaye hajawahi kufika Morogoro. Hata hivyo, miaka yote niliyokaa hapa, Kampala imekuwa mji wa shida na biashara. Mtu huenda kununua nguo Owino, kumpeleka mgonjwa Mulago, au kufuatilia vipuri. Sikuwa nimemsikia mtu wa mtaani kwetu aliyepanda basi kwenda Kampala ili akaangalie sanaa, tena kwa nauli yake.

Wazo lilikuwa la Mwalimu, aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi na hajastaafu kusoma. Alikuwa amekwisha kutuchosha na habari za Makerere: kwamba mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyefuatana na mumewe daktari, alianza kufundisha uchoraji na uchongaji kwenye baraza ya nyumba yake, kwamba baraza hiyo ikazaa shule kamili ya sanaa yenye jina lake hadi leo, kwamba wanafunzi wake wa mwanzo walitoka kila upande wa Afrika Mashariki. Siku moja Fundi akamwambia, "Mwalimu, sasa tupeleke tukaone, au uache kutuhadithia." Safari ikaanzia hapo.

Tulikuwa wanne. Fundi ni seremala. Nusu ya milango na vitanda vya mtaa wetu imetoka mikononi mwake. Dada anasuka mikeka na vikapu, na jina lake halisi limesahaulika kiasi kwamba hata waliomzidi umri wanamwita Dada. Mimi kazi yangu ni kuandika. Tulivuka Mutukula na pasipoti zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukabadilisha fedha, jioni tukafika Kampala na kulala gesti jirani na stendi. Tulikuwa na siku moja tu ya kuutembea mji, kwa sababu kesho yake asubuhi basi lilikuwa linarudi. Mwalimu alikuwa na orodha: Kasubi, Makerere, Jumba la Makumbusho la Uganda, Nommo ambayo ni nyumba ya taifa ya maonyesho ya sanaa tangu 1964, sanamu ya Uhuru, na vingine viwili vitatu kama muda ungeruhusu. Muda haukuruhusu, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Tulianza na Kasubi kwa ombi la Dada. Juu ya kilima hicho Kabaka Muteesa I alijenga ikulu yake mwaka 1882, na alipofariki miaka miwili baadaye akazikwa humo humo. Walifuata Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II. Nyumba yao kubwa, Muzibu Azaala Mpanga, ni ya duara na paa lake la nyasi linashuka mpaka karibu na ardhi. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. UNESCO, iliyokuwa imeiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na haikuitoa huko hadi 2023, baada ya kujengwa upya.

Mzee aliyetupokea alimkaribisha Dada kwa "nnyabo" na Fundi kwa "ssebo". Dada akapiga goti kumsalimia, kama tunavyosalimia wakubwa nyumbani, na mzee akafurahi waziwazi. Alitueleza kwamba pete za matete zinazobeba paa kwa ndani ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda, na kwamba kuezeka nyumba hii ni kazi ya ukoo wa Ngeye. Fundi akauliza, "Na kama yupo fundi hodari wa ukoo mwingine?" Mzee akajibu kwa upole kwamba huyo ataezeka nyumba nyingine. Nililipenda jibu hilo. Kwetu kazi ya ujenzi hutangazwa zabuni na kupewa mwenye bei ndogo. Pale kazi ina wenyewe, na wenyewe wana wajibu wa kuhakikisha kwamba baada yao yuko mtu anayeijua. Nyumba iliungua ikabaki majivu, lakini ujuzi wa kuijenga ulikuwa umekaa mahali moto haufiki, kwenye vichwa na mikono ya watu wa Ngeye.

Dada alisimama chini ya ukingo wa paa, pale nyasi zinapokatwa sawasawa juu ya mlango, akapima unene wake hewani bila kugusa. Ulikuwa unapita urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kisha akageuka na kutuonyesha kitu ambacho mimi nisingekiona hata ningekaa pale mwezi mzima. Mafungu ya nyasi hayakuwa yamelazwa tu moja juu ya lingine; kila safu ilikuwa imekaa nusu juu ya kiungo cha safu ya chini, ili maji yasipate njia ya moja kwa moja. "Ndivyo tunavyoshona ukili," alisema. "Ukiacha mshono ukutane na mshono, mkeka unafunguka hapo." Mzee alimtazama, akacheka, akamwita kwenye baraza moja pembeni ya uwanja walipokuwa wamekaa wanawake wakisuka mikeka.

Basi tukampoteza Dada kwa zaidi ya saa nzima. Alikaa chini miguu amenyoosha, akapewa miaa iliyotiwa rangi ya zambarau, na mazungumzo yakaendelea nusu Kiganda, nusu Kihaya, na Kiswahili pale mambo yalipokwama. Walichokuwa wakibishania ni pindo. Wanawake wa Kasubi walimaliza ukingo kwa kurudisha miaa ndani mara mbili na kuifunika kwa ukili mwembamba. Dada huirudisha mara moja na kushona. Alijaribu yao, akakosea, akafumua, akajaribu tena. Mwalimu alianza kutazama saa. Fundi akamwambia, "Mwache. Yeye ndiye aliyekwisha kufika."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa siku hiyo itakavyokwenda. Nilishatembelea makumbusho na nyumba za maonyesho mara kadhaa maishani, na kila mara nilitembea kama watu wengi: unasoma kibao, unatazama kitu, unapiga picha, unasogea kwenye kibao kingine. Ukitoka unabaki na majina na miaka. Dada hakusoma kibao chochote. Aliutazama ukingo wa paa kama mtu anayetaka kesho aufanye yeye, na kwa sababu hiyo paa lilimwambia mambo ambayo kwangu lilinyamaza. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, nasi tunaitumia methali hiyo kumkumbusha mtu asitamani tu. Siku ile niliielewa kama njia ya kutazama: uangalie chombo mpaka uone mkono uliokiunda.

Makerere iko karibu na Kasubi, tukaenda kwa bodaboda. Chakula cha mchana tulikula nje ya geti, matoke na mchuzi wa karanga, na Mwalimu akapata nafasi ya kuhadithia. Alitueleza habari za Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyesoma sanaa hapo na kufundisha hapo, kisha akawa balozi wetu wa kwanza London baada ya Uhuru. Mwaka 1956 Ntiro alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, na mchoro huo umehifadhiwa Museum of Modern Art, New York. Fundi aliacha kula. "Pombe ya ndizi?" akauliza. "Hii hii?" Mwalimu akasema hii hii. Kimya kikapita mezani. Sisi watu wa migombani tumebeba vibuyu vya rubisi kwenda kwenye posa na harusi tangu enzi za mababu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba msafara ule gizani ni kitu cha kuchorwa. Ntiro, mtoto wa migomba ya Kilimanjaro, alifikiri hivyo, akaketi akakichora.

Nyumba ya maonyesho ya chuo tuliipitia kwa haraka. Zilikuwepo kazi nzuri, lakini wenzangu walikuwa wamechoka na joto. Tulipoingia maktaba kuu, baada ya Mwalimu kujitambulisha na kuomba ruhusa kwa adabu zote, nilidhani tutakaa dakika kumi.

Ndani ya maktaba hiyo imesimama kazi ya Francis Nnaggenda iitwayo Majeruhi wa Vita. Nnaggenda, aliyezaliwa mwaka 1936, alirudi kufundisha Makerere mwaka 1978, na sanamu hii aliichonga kati ya 1982 na 1986, miaka ambayo Uganda ilikuwa ndani ya vita vya msituni. Ni mwili wa binadamu uliotolewa kwenye gogo kubwa, mwili uliopungukiwa viungo lakini bado umesimama. Maelezo hayo niliyajua kutoka kwa Mwalimu. Nilipouona nilisema moyoni kwamba ni kazi yenye nguvu, nikawa tayari kusogea.

Fundi hakusogea. Alivua kofia. Aliizunguka sanamu polepole, akachuchumaa akatazama chini inapokutana na sakafu, akainuka, akarudi nyuma hatua tano, akaja tena karibu mpaka pua ikakaribia kugusa mti. Wanafunzi walipita na mikoba yao wakimtazama. Mlinzi alikuja kuona kuna nini, akatutazama, akaenda kumletea Dada kiti.

"Huyu hakuulazimisha mti," Fundi alisema mwishowe. Nikamwomba anieleze. Akanionyesha nyuzi za mbao zinavyopanda na bega linavyopinda nazo, mahali ambapo mti wenyewe ulikuwa umejipinda ukiwa hai. Seremala wa milango, alisema, kila siku anagombana na mti: anataka unyooke, uwe bapa, uwe na pembe nne. Akikuta fundo anaapiza, akikuta mpindo anatafuta ubao mwingine. "Huyu alitazama gogo kwanza akaona lina mtu gani. Halafu akaondoa kisichokuwa mtu." Akanionyesha ufa uliokwenda chini kama mshipa. "Ufa huu alijua utakuja. Gogo nene kama hili haliwezi kukauka lisipasuke. Angeogopa ufa asingeanza kazi. Ameuachia njia." Akanionyesha pia kwamba uso wa mti haukupigwa msasa ukalainika, alama za chombo zimeachwa. "Mimi mteja angenirudishia," alisema. "Lakini majeruhi laini ungemwamini?"

Tulikaa pale mpaka mchana ukageuka. Mwalimu, ambaye alikuwa na haki ya kulalamika, aliikunja orodha yake akaitia mfukoni, akaanza kuuliza maswali ya mwanafunzi: gogo la ukubwa huo linasogezwaje, patasi inanolewa mara ngapi, unaanzia kichwani au miguuni. Makumbusho hatukuyaona. Nommo hatukuiona. Na mimi, niliyekuwa nimetoka Bukoba nikitaka kuona vingi, sijapata kuona kitu kimoja kwa ukamilifu kama nilivyokiona pale, nikiwa na fundi wa milango kando yangu.

Nimewaza sana kwa nini tunawatenga watu wa aina yake na neno sanaa. Shuleni kwetu uchoraji na kazi za mikono zilikuwa kipindi cha mchana, cha kwanza kufutwa mitihani ikikaribia. Aliyefaulu alikwenda sekondari. Aliyebaki alijifunza ufundi. Matokeo yake ni kwamba tukitaka kuelezwa habari za sanaa tunamtafuta msomi mwenye maneno, na fundi mwenye macho anabaki nje akingoja kupigilia misumari ya kuning'inizia picha. Ni hasara kubwa, na inaumiza pande zote mbili. Msomi anakosa kujua kitu kilivyotengenezwa, na fundi anakosa kujua kwamba anachokifanya kina ndugu zake duniani.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika kwenye sanamu ya Uhuru, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyekuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa Trowell. Ni ya mwaka 1962: mwanamke aliyezungushiwa mafungo mwilini, ameinua mtoto juu kwa mikono miwili. Mwalimu alieleza kama inavyoelezwa siku zote, kwamba mafungo ni ukoloni na mtoto ni taifa jipya. Dada akasema yeye haoni hivyo tu. Aliwahi kubeba watoto mgongoni, na anajua mama akimtoa mtoto kwenye mbeleko, nguo inabaki imemzunguka hivyo hivyo, imelegea huku na kukaza kule. "Huyu mama amemtoa sasa hivi," alisema. "Bado ana joto lake mgongoni." Mwalimu hakubisha. Nami tangu siku ile siwezi kuitazama picha ya sanamu hiyo bila kuona mbeleko.

Kesho yake tukiwa njiani kurudi, basi lilipolikaribia daraja la Kyaka, Fundi alianza kuzungumza bila kuulizwa. Kwao ni ng'ambo ya mto, upande ambao majeshi ya Idi Amin yaliuteka mwaka 1978 kabla ya kulivunja daraja lenyewe. Alikuwa mtoto mdogo, walikimbia usiku. Vita ilipokwisha na watu wakarudi, baba yake mdogo alirudi na mguu mmoja. Kitu cha kwanza Fundi alichowahi kutengeneza kwa mbao, kabla hajajua kushika randa, ni mkongojo wa baba yake mdogo. Aliupata kwenye tawi lenye panda, akalichonga kwa panga, akaifunga panda kwa kitambaa cha shuka ili isimchubue kwapani. Ulikuwa umepinda. Akataka kuutupa atafute mti ulionyooka, baba yake mdogo akamkataza, akasema huu umepinda kama yeye anavyopinda akitembea. Aliutumia mpaka alipofariki.

Tulikuwa tumefahamiana na Fundi miaka mingi, tukakaa naye misibani na harusini, na habari hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Hakuificha. Ila hakuna aliyewahi kumsimamisha mbele ya kitu kilichohusika nayo.

Baada ya safari hiyo mambo mawili yalitokea Kibeta. Kwanza, Dada alianza kumalizia mikeka yake kwa pindo la Kasubi, ameuza kadhaa kwa bei nzuri zaidi, na amewakalisha wasichana wawili wa jirani awafundishe, kwa masharti kwamba wafumue kila kosa hata likiwa dogo.

Pili, tulikwenda Katuruka. Ni karibu tu, kusini mwa Bukoba, na sote wanne tulikuwa tunaisikia tangu utotoni bila kufika. Ndipo alipochimba mwanaakiolojia Peter Schmidt na kuthibitisha kwamba mababu wa eneo hili walikuwa wakiyeyusha chuma miaka ipatayo 2,000 iliyopita, kwa tanuri za udongo na mivuo, kwa joto kali lililowashangaza wataalamu wa metali alipoandika na mwenzake Donald Avery mwaka 1978. Wanakijiji wenyewe wameinua upya pale nyumba ya msonge ya kumbukumbu ya Mfalme Rugomora Mahe. Fundi aliingia ndani na futi yake ya chuma na daftari la shule. Alipima nafasi kati ya pete na pete, unene wa fito, pembe ya paa. Alihesabu. Akatoka akauliza ni wazee wangapi waliobaki wanaoijua kazi hiyo na kama wanapokea vijana.

Swali hilo lilimgusa Mwalimu kuliko sisi wengine, kwa sababu ni mpenzi wa enanga, ala yetu ya nyuzi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, alipoandika juu ya Habibu Selemani, mpiga enanga wa Kagera aliyefariki mwaka 1993, alimwita manju wa mwisho. Mwalimu hakubali kwamba lazima iwe hivyo. Anasema Wangeye waliijenga nyumba yao baada ya moto kwa sababu walikuwa na utaratibu wa kurithishana, na utaratibu ni kitu kinachoweza kuanzishwa hata leo, mtaani, kwa mtu mmoja na mwanafunzi mmoja. Sasa anamtafuta mzee wa Muleba ambaye amesikia bado ana enanga yake, amshawishi aje kuwapigia watoto wa shule Jumamosi.

Safari inayofuata itakuwa ya Mwanza, kuona Bujora, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mahali panaposifika kwa ngoma zake za kale. Meli huondoka Bukoba usiku na kuingia Mwanza asubuhi, hivyo tutakuwa na mchana mzima. Mwalimu tayari anaandika orodha. Fundi anataka ijulikane kwanza kama karibu na hapo yupo mtu anayechonga ngoma mpaka leo. Kama yupo, anasema, tumpelekee salamu mapema atuwekee gogo ambalo hajalianza.